Umri Wetu Katika Picha

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Mkoa wa Katavi. Somo hili limepigwa chapa kama lilivyosomwa, ili wanafunzi walisome tena darasani pamoja na mwalimu wao.

MANENO MAPYA YA LEO

Sensa: kuhesabu watu wote wa nchi kwa wakati mmoja.
Marudio: hesabu ya mara ngapi jambo moja limetokea.
Kisanduku: kundi la namba zilizowekwa pamoja, kama miaka 20 hadi 29.
Histogramu: picha ya nguzo zilizosimama zikigusana, kila nguzo ikionyesha marudio ya kisanduku chake.

SOMO LENYEWE

Nawasalimu nyote mliokusanyika kusikiliza, mlioko Mpanda mjini, Nsimbo, Inyonga, Usevya, Mishamo, na kule Karema ufukoni mwa ziwa. Somo letu la leo ni la historia, lakini kila mmoja awe na penseli na karatasi, maana tutachora. Mwalimu wa darasa, chaki yako iwe karibu.

Nitaanza na swali jepesi. Una miaka mingapi? Kila mmoja aandike jibu lake kwenye karatasi. Usimwonyeshe jirani. Ukiwa hujui kwa hakika, andika ile unayoitaja kila unapoulizwa. Karatasi hiyo iweke, tutaihitaji.

Swali hilo ndilo ambalo karani wa sensa humwuliza kila mtu. Historia ya swali hili katika nchi yetu ni ya karibuni. Serikali ya kikoloni ilipohesabu watu wa Tanganyika mwaka 1948, ilipata watu wapatao milioni 7 na nusu. Ilipohesabu tena mwaka 1957, walikuwa karibu milioni 8.8. Lakini katika hesabu hizo Waafrika waliwekwa katika makundi machache mapana ya umri. Mtoto mchanga hapa, mtoto mkubwa pale, na mtu mzima kule. Hakuna aliyejua ni watu wangapi wenye miaka 31, au wangapi wenye miaka 32. Serikali iliyokuwa ikitaka kodi na vibarua ilitosheka kujua nani ni mtu mzima na nani ni mtoto.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Nchi iliyotaka kujenga shule na zahanati ilikuwa na haja ya kujua zaidi. Mtoto wa miaka 6 ana haja tofauti na wa miaka 13, ingawa wote wawili ni watoto. Basi Agosti 1967 ikafanyika sensa ya kwanza baada ya Uhuru na Muungano, na watu wakaulizwa miaka yao. Walihesabiwa watu wapatao milioni 12.3. Zikafuata sensa za 1978, 1988, 2002, 2012, na ile ya tarehe 23 Agosti 2022, ambayo makarani walikuja na vishikwambi mikononi badala ya makaratasi. Sensa hiyo ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania nzima.

Sasa tutazame mkoa wetu. Mwaka 2012, mwaka ule ule mkoa wetu ulipotengwa na Rukwa, Katavi ilikuwa na watu 564,604. Mwaka 2022 ilikuwa na watu 1,152,958. Kwa miaka 10 tu tumezidi mara mbili. Hiyo ni habari kubwa. Lakini ni namba moja, na namba moja haisemi mengi. Watu hao ni wazee au ni watoto wachanga? Wanahitaji madawati, au wanahitaji wakunga, au wanahitaji mashamba? Jumla haijibu. Kujibu hilo hapana budi watu wapangwe kwa umri wao, na wakishapangwa wachorwe. Picha hiyo ndiyo tunayoiita histogramu.

WALIOANZA KUCHORA NAMBA

Ndugu wanafunzi, kuhesabu ni kazi ya zamani sana, lakini kuchora hesabu si ya zamani. Mwaka 1662, huko London, mfanyabiashara wa nguo aitwaye John Graunt alitoa kitabu kuhusu orodha za vifo vya mji wake. Orodha hizo zilikuwa zikipigwa chapa kila wiki, watu wakizisoma na kuzitupa. Graunt alizikusanya za miaka mingi, akazipanga, akaanza kuona mambo ambayo orodha ya wiki moja haikuweza kuonyesha. Hakuwa msomi wa chuo kikuu. Alikuwa mtu wa dukani aliyezoea kutunza daftari.

Zaidi ya miaka 100 ikapita. Mwaka 1786 Mskoti William Playfair alitoa kitabu cha biashara ya Uingereza, na humo akachora nguzo kuonyesha bidhaa zilizoingia na kutoka Scotland. Watu wakaona kwamba jicho hushika nguzo upesi kuliko linavyoshika safu ya tarakimu.

Mwaka 1846 Mbelgiji Adolphe Quetelet aliandika juu ya vipimo vya vifua vya askari wa Scotland 5,738. Alivipanga kuanzia vifua vyembamba hadi vipana, akahesabu askari wangapi wako katika kila kipimo. Wachache walikuwa wembamba sana, wachache wapana sana, na wengi walikuwa katikati. Umbo lake lilikuwa kama kilima kimoja kilichoinuka taratibu na kushuka taratibu.

Jina lenyewe la histogramu lilitolewa na Mwingereza Karl Pearson alipokuwa akifundisha London mwaka 1891. Basi jina hilo lina umri wa miaka mia na zaidi kidogo. Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 si ndogo kwake kwa miaka mingi.

TUICHORE WENYEWE

Sasa tuchukue penseli. Tuseme kuna darasa la watu wazima 30, na kila mmoja ametaja umri wake. Huu ni mfano tu wa kujifunzia. Mwalimu, andika ubaoni polepole:

23, 25, 25, 27, 28, 30, 30, 30, 30, 32, 34, 35, 35, 35, 38, 40, 40, 40, 40, 40, 42, 45, 45, 47, 50, 50, 50, 53, 55, 60.

Kwanza tuchague visanduku. Tuanze na visanduku vya miaka 10. Kisanduku cha kwanza ni miaka 20 hadi 29, cha pili 30 hadi 39, na kuendelea. Kila umri utaingia katika kisanduku kimoja tu, wala hakuna utakaokosa mahali. Ukiandika 20 hadi 30, kisha 30 hadi 40, yule wa miaka 30 atakaa wapi? Atahesabiwa mara mbili, au ataachwa nje. Kwa hiyo mipaka iwe wazi.

Pili, tuhesabu marudio. Kwa kila mtu piga kijistari kimoja katika kisanduku chake, na kijistari cha tano kikate vinne vilivyotangulia, kama wafanyavyo wanaohesabu magunia. Tutapata hivi: miaka 20 hadi 29, watu 5. Miaka 30 hadi 39, watu 10. Miaka 40 hadi 49, watu 9. Miaka 50 hadi 59, watu 5. Miaka 60 hadi 69, mtu 1. Jumlisha: 5 na 10 na 9 na 5 na 1 ni 30. Jumla isipolingana na idadi ya watu, rudi uhesabu tena kabla hujachora.

Tatu, tuchore. Piga mstari wa kulala, uandike miaka chini yake. Piga mstari wa kusimama upande wa kushoto, uandike idadi ya watu. Kisha juu ya kila kisanduku simamisha nguzo yenye kimo cha marudio yake. Nguzo zigusane, zisiachane. Mtu akichora nguzo za mahindi, mpunga na karanga huziachanisha, kwa sababu mahindi hayageuki kuwa mpunga. Lakini miaka hufuatana. Mtu hutoka 29 akaingia 30 bila kuvuka pengo lolote.

Liko jambo moja zaidi la kushika. Visanduku vyote viwe na upana mmoja. Ukiunganisha miaka 30 hadi 49 kuwa kisanduku kimoja, kitakuwa na watu 19. Ukisimamisha nguzo yenye kimo cha 19, utamdanganya anayetazama, maana kisanduku hicho ni kipana mara mbili ya jirani zake. Kimo chake yapasa kigawanywe kwa 2, kiwe 9 na nusu. Katika histogramu, mtu husoma ukubwa wa nguzo nzima, upana na kimo pamoja. Ndiyo maana makundi mapana ya mwaka 1948 na 1957 hayafai kuchorwa ovyo. Kundi lenye miaka mingi ndani yake litaonekana kubwa hata kama hakuna la ajabu.

YALIYOFICHWA NA UPANA

Tazameni picha yenu. Nguzo ni 5, 10, 9, 5, 1. Inapanda na kushuka kama kilima cha Quetelet. Mtu akiiona atasema darasa hili liko sawasawa, halina neno.

Sasa tuchore tena kwa watu wale wale, lakini kwa visanduku vya miaka 5. Miaka 20 hadi 24, mtu 1. Kutoka 25 hadi 29, watu 4. Kutoka 30 hadi 34, watu 6. Kutoka 35 hadi 39, watu 4. Kutoka 40 hadi 44, watu 6. Kutoka 45 hadi 49, watu 3. Kutoka 50 hadi 54, watu 4. Kutoka 55 hadi 59, mtu 1. Kutoka 60 hadi 64, mtu 1. Mnaona? Kilima kimekuwa meno ya msumeno, kinapanda, kinashuka, kinapanda tena.

Tusiishie hapo. Tuchore kwa kisanduku cha mwaka mmoja mmoja. Kwenye 30 kuna watu 4, lakini kwenye 29 na 31 hakuna mtu. Kwenye 40 wako 5, lakini kwenye 39 na 41 hakuna hata mmoja. Kwenye 50 wako 3, na jirani zake ni watupu. Je, yawezekana kwamba wakati fulani akina mama wote walijifungua mwaka mmoja, kisha wakapumzika mwaka uliofuata? Haiwezekani. Kilichotokea ni kwamba watu wamezungusha miaka yao. Mwenye 39 amesema 40, mwenye 41 naye amesema 40. Hakuna aliyekusudia kusema uongo. Kila mmoja ametaja namba iliyokuwa karibu na rahisi mdomoni.

Jambo hili limeonekana katika sensa nyingi za Afrika Mashariki, na hata katika sensa yetu ya 2012 lilikuwa bado lipo. Lipo pia katika nchi nyingine nyingi za dunia. Miaka inayoishia na 0 huwa na watu wengi mno, inayofuata ni ile inayoishia na 5, na miaka ya katikati huonekana kama imekimbiwa. Mmarekani George Chandler Whipple, aliyeandika kitabu cha takwimu za vizazi na vifo mwaka 1919, aliacha njia rahisi ya kupima jambo hili. Chukua watu wa miaka 23 hadi 62. Katika kila miaka 5 inayofuatana, mmoja tu huishia na 0 au 5. Kwa hiyo kama watu wanataja miaka yao vizuri, mtu mmoja katika kila watano atakuwa na umri wa namna hiyo.

Tupime darasa letu. Wote 30 wako kati ya miaka 23 na 62. Sehemu ya tano ya 30 ni 6. Lakini tukihesabu wenye 25, 30, 35, 40, 45, 50, 55 na 60, tunapata watu 21. Gawanya 21 kwa 6, unapata 3 na nusu. Zidisha kwa 100, unapata 350. Kipimo cha Whipple huwa 100 pale ambapo watu hawazungushi kabisa, na huwa 500 pale ambapo kila mtu anataja 0 au 5. Basi darasa hili la mfano limezungusha sana. Na kumbukeni, picha yetu ya kwanza, ile ya visanduku vya miaka 10, haikutuonyesha hata kidogo.

Msidhani kwamba kosa la namna hii huwapata wasiosoma peke yao. Katika karne ya 19 wasomi wa Ulaya walipima vimo vya vijana walioitwa jeshini katika wilaya ya Doubs, nchini Ufaransa. Picha ilitoa vilima viwili badala ya kimoja. Wasomi wakasema, bila shaka hapa pana makabila mawili ya asili tofauti, moja la wafupi na moja la warefu. Baadaye Mtaliani Ridolfo Livi akaonyesha kwamba vimo hivyo vilipimwa kwa inchi, kisha vikageuzwa kuwa sentimita, na katika kugeuza huko baadhi ya visanduku vilipata inchi nyingi kuliko vingine. Kilima cha pili kilizaliwa kwenye daftari. Watu walikuwa wameanza kubishana juu ya asili ya makabila kwa sababu ya upana wa kisanduku.

KOMPYUTA NAYO HUCHAGUA

Siku hizi picha hizi huchorwa na kompyuta. Wengi wenu mmeona kompyuta katika ofisi za halmashauri au shuleni, na wengine mna simu zinazoweza kazi hiyo. Njia ni ile ile tuliyoifuata kwa penseli. Unafungua programu ya majedwali, kama vile Excel, unachapa miaka ya watu katika safu moja kwenda chini, kila mtu katika mstari wake. Unaichagua safu hiyo nzima, unaingia mahali pa kuingiza chati, kisha unachagua histogramu. Kufumba na kufumbua, picha iko mbele yako.

Hapo ndipo pa kuwa macho. Kompyuta hukuuliza miaka, lakini haikuulizi upana wa visanduku. Huuchagua yenyewe. Programu ya Excel hufuata kanuni ya Mmarekani David Scott ya mwaka 1979. Programu ya R, ambayo watakwimu wengi huitumia, huanzia kwenye kanuni ya Herbert Sturges ya mwaka 1926. Kanuni hizo ni nzuri, lakini zilitungwa kwa vilima laini. Hazikutungwa kwa watu waliozungusha miaka yao. Ukiipa Excel yale majina yetu 30 ya mfano, kanuni yake itatoa visanduku vyenye upana wa karibu miaka 11. Utapata nguzo nne tu. Meno ya msumeno yametoweka. Mashine haikukosea kuhesabu, bali imeyafunika.

Dawa yake si ngumu. Bofya mstari wa chini wa picha, fungua mahali pa kurekebisha, andika upana unaoutaka wewe. Andika 10, utazame. Andika 5, utazame. Andika 1, utazame. Mtu anayechora picha moja tu na kuipeleka mkutanoni hajamaliza kazi. Na wewe unayeonyeshwa picha katika mkutano wa kijiji una haki ya kuuliza: visanduku hivi vina upana gani, na nani aliuchagua?

HISTORIA YETU NDIYO RULA YETU

Mtu asiye na cheti cha kuzaliwa atajuaje miaka yake? Hapa makarani wa sensa hutumia historia. Wanakuwa na orodha ya mambo makubwa yaliyotokea mahali pale, nao humwuliza mzee: ulikuwa umezaliwa jambo hili lilipotokea? Ulikuwa unatambaa, unachunga mbuzi, au umeoa?

Katavi tunayo mambo ya kutosha ya kutusaidia. Reli kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950, kwa ajili ya mgodi wa risasi, madini yale mazito yanayoyeyushwa. Mgodi huo ulifungwa mwaka 1960. Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974, na mwaka huo Mkoa wa Rukwa ulianzishwa. Vita ya Kagera ilianza mwaka 1978. Mwalimu Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mama anayesema, mwanangu wa kwanza alikuwa anaanza kutembea redio ilipotangaza msiba wa Mwalimu, ametupa umri wa mtoto karibu kabisa, ingawa hakutaja namba hata moja.

Lakini orodha moja haitoshi mkoa mzima. Wenzetu wengi wa Katumba na Mishamo, au wazazi wao, walikuja kutoka Burundi wakikimbia mauaji ya mwaka 1972. Katumba ilianzishwa kwa ajili yao katika miaka ile, na Mishamo mwaka 1978. Mwaka 2014 watu wapatao 162,000 wa makazi ya namna hiyo, hapa kwetu na Ulyankulu huko Tabora, walipewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Mzee wa Katumba ukimwuliza alikuwa na umri gani reli ilipofika Mpanda, hawezi kukujibu, maana reli hiyo hakuiona. Mwulize alivuka mpaka akiwa na umri gani, hapo atakumbuka mara moja. Karani anayetaka miaka ya kweli huanza kwa kuijua historia ya yule aliye mbele yake.

Ziko pia kazi za darasa kama hili lenu. Wakati wa sensa ya 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na redio ikawa mwalimu wa vijiji vingi. Mwaka 1977 ikaanza elimu ya msingi kwa wote. Kufikia mwaka 1986 ilikisiwa kwamba wasiojua kusoma walibaki kama watu 10 katika kila 100. Mtu anayeweza kuandika siku aliyozaliwa mwanawe katika daftari hana haja ya kuzungusha.

FAIDA YAKE KWETU

Labda mmoja wenu anasema, mimi nikisema 40 badala ya 38, nani ameumia? Mtu mmoja akizungusha, hakuna. Wakizungusha maelfu, picha nzima inapinda, na mipango hufuata picha.

Chukueni watoto. Katika Tanzania, zaidi ya watu 40 katika kila 100 wana umri chini ya miaka 15. Afisa wa elimu anayetaka kujua madawati ya darasa la kwanza huangalia watoto wa miaka 5 na 6 walioko sasa. Wazazi wakivuta watoto wengi kwenye 5 na 10, ataona mwaka mmoja watoto wamefurika na mwaka unaofuata wamepungua. Atajenga madarasa ambayo hayatajaa, na yale yanayohitajika hatayajenga.

Chukueni wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humhesabu mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na zaidi. Mwenye 62 anayejitaja 55 kwa mazoea anajiweka nje ya mlango uliowekwa kwa ajili yake. Chukueni vijana. Haki ya kupiga kura huanza miaka 18. Na binti ambaye hakuna anayejua umri wake hakika, ni rahisi kwa wengine kumwongezea miaka anapotakiwa kuozwa. Cheti cha kuzaliwa ni ngao yake.

Basi leo tumejifunza mambo mawili. La kwanza, histogramu huonyesha yale ambayo jumla huyaficha. La pili, upana wa kisanduku unaweza kuyaficha tena, nao huchaguliwa na mtu, au na mashine iliyopewa kanuni na mtu. Anayejua hayo mawili hawezi kutishwa na picha yoyote ya takwimu.

Mwalimu, sasa kusanya zile karatasi za mwanzo. Usisome jina la mtu. Soma miaka tu, darasa lichore. Kama hamna karatasi za kutosha, chora visanduku mchangani, na kila mwanafunzi aweke punje moja ya hindi katika kisanduku chake. Punje zikipangwa moja juu ya nyingine kwenda mbele, histogramu imekwisha kuwa tayari chini ya miguu yenu.

Nawatakia kazi njema. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutasoma juu ya vipimo vya mvua. Kwaherini.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini nguzo za histogramu hugusana?
2. Chora picha ya darasa lenu kwa visanduku vya miaka 10, kisha vya miaka 5. Picha hizo zinatofautiana wapi?
3. Ni watu wangapi darasani waliotaja umri unaoishia na 0 au 5? Tumieni kipimo cha Whipple kwa wale wenye miaka 23 hadi 62.
4. Tajeni mambo matano yaliyotokea katika kijiji chenu ambayo yanaweza kumsaidia mzee kukumbuka mwaka aliozaliwa. Andikeni miaka yake.
5. Kila mwenye mtoto aangalie kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa, aandike tarehe katika daftari lake. Asiye na cheti aulize ofisi ya kata namna ya kukipata.